Kamera Isiyo na Kioo

Jumatatu, 4 Agosti

Chunusi ishirini na saba kabla ya saa nne asubuhi. Nimezihesabu. Bwana harusi wa juzi ana dada mkubwa, na dada mkubwa amepiga simu mara tatu kuhakikisha nazifuta zote. Nimefuta. Kisha akataka nimwongezee ndevu kidogo. Programu ya kuhariri picha ina kitufe cha kila kitu, isipokuwa cha kumnyamazisha mteja.

Chai ya pili. Studio kimya. Chini hapa Gisimenti wameshaanza kuchoma nyama.

Saa sita kaja Aisha, mdogo wangu, mtoto wa Mama Mkubwa Zubeda. Anaolewa Jumapili ya tarehe 17, hina ni Jumamosi, siku moja kabla. Nilidhani ameleta kadi ya mwaliko tu. Ameleta na machozi. Anataka mimi nipige picha za hina, na mama yake amekataa katakata.

"Dada, mama iko nasema bora nikose picha kuliko zipigwe na Mwamini." Mwamini ndiye mimi. Hana breki huyu mtoto.

Mama Mkubwa ana haki. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Miaka miwili iliyopita nilipiga hina ya Rehema, shoga yangu tangu chuoni, tulipokuwa tunagombania msahafu mmoja. Wanawake peke yao, mitandio imevuliwa, nywele nje, mabega nje, wanacheza. Nikazipakia picha mtandaoni, nikamtumia kiungo, sikuweka nywila. Uvivu tu. Kiungo kikatoka kwa huyu kikaenda kwa yule, na siku ya tatu wanaume sokoni walikuwa wanamtazama Rehema na nywele zake kwenye simu. Maji yakimwagika hayazoleki. Rehema hajanisalimia tangu siku hiyo. Wala hakuna mwanamke wa Kiislamu Kigali hii aliyeniita tena kwenye hina yake. Nimebaki na harusi za kanisani, picha za pasipoti na chupa za sabuni.

Nimemwambia Aisha nitafikiria. Nilikuwa nimeshaanza kabla hajamaliza kulia.

Jumanne, 5 Agosti

Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote mwaka huu. Basi. Nimeandika.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu, pale nilipoweka ile kamera ya zamani kama pambo. Kamera ya mkanda. Wateja huipenda, huishika wakapigwa nayo picha wakijifanya wasanii. Mimi mwenyewe sijawahi kuitumia. Haina kioo cha nyuma, haina kadi, haijui mtandao ni nini. Mkanda mmoja, picha thelathini na sita, nakala moja tu duniani. Nani ataisambaza hiyo? Nimecheka peke yangu mpaka jirani wa saluni akachungulia.

Mbio mpaka upande wa pili wa Remera, kwenye kibanda cha Mama Mkubwa. Nimemkuta kwenye cherehani, pini mdomoni. Akaichukua kamera, akaigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake kama anayekagua mshono.

"Kioo iko wapi?"

Haina, Mama Mkubwa.

"Memori?"

Haina.

"Sasa inatuma namna gani?"

Haitumi.

"Yewe! Basi iko inafaa nini?"

Akashona mkono mzima wa gauni, mimi nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Halafu akatoa masharti. Simu zote kikapuni mlangoni, na yangu ikiwemo. Kamera hiyo moja tu. Mikanda yote ikae mikononi mwake. Na nani ataisafisha? Nikasema mjini kuna baba mmoja bado anasafisha mikanda. Hapo nilikosea. "Mwanaume mmoja akiona, soko zima imeona." Nitasafisha mwenyewe, nikasema. Najua kusafisha.

Sijui kusafisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Binamu yangu wa Nairobi ameahidi kutuma kwa basi: mikanda mitatu ya rangi nyeusi na nyeupe, kopo la kusafishia na dawa ya kukazia picha. Lakini ile dawa ya kwanza, inayozitoa picha kwenye mkanda, imeisha dukani. Wiki tatu ndiyo ije. Harusi ni baada ya siku kumi. Nimetukana kwa lugha tatu.

Baadaye. Nimekaa na video za mtandaoni mchana kutwa. Mzee mmoja mwenye aproni anasafisha mikanda kwa kahawa! Kahawa, magadi na vitamini C. Nimeirudia mara nne. Kahawa! Katika nchi hii! Mungu si Athumani. Nimeinuka nikacheza katikati ya studio.

Jumapili, 10 Agosti

Mzigo umefika. Mkanda mmoja wa majaribio, miwili ya hina.

Nimezunguka Remera tangu asubuhi. Wauza ndizi, uwanja wa mpira kwa mbali, kina mama wametoka kanisani na viatu mkononi. Kila nikipiga nageuza kamera niangalie kioo, nakutana na bati jeusi. Mara thelathini na sita! Shingo imezoea ujinga.

Dereva mmoja wa pikipiki akakaa vizuri, akavua kofia, akatabasamu meno yote. Akataka kuona. Nikamwambia mpaka nikaisafishe na kahawa. Akanitazama kwa huruma. "Dada, iyi kamera imekufa. Pole sana."

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya.

Bafu langu halina dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikazima taa. Kuviringisha mkanda kwenye gurudumu la ndani ya kopo, gizani, ni kazi ya kipofu mwenye subira, na mimi nina macho mawili na sina subira. Nimevuta kwa hasira, ukakatika katikati. Nusu nikairudisha kwenye kikebe chake, nusu nikaitia koponi. Kahawa niliyonunua ni ile nzuri kabisa, ya milimani, imechumwa kwa mkono, wanauza kama dhahabu. Nikaitwanga, nikaichemsha, nikachuja, nikapoza. Harufu yake peponi.

Mkanda umetoka mweupe. Ukiuinua dirishani unaona vivuli, kama watu wanakumbuka kwamba waliwahi kupigwa picha. Nimekaa sakafuni bafuni nikalia kwa kelele.

Aisha kauliza kwa ujumbe kama kila kitu kiko sawa. Nimejibu sawa kabisa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi kwenye ile video, safari hii nimesoma na maelezo ya chini. Mpumbavu mimi. Inatakiwa kahawa ya kopo, ya kuyeyuka kwenye maji, tena ile ya bei ya chini, chungu, ambayo mtu mwenye heshima hawezi kumpa mgeni. Wameandika wazi: nzuri haifai. Mnyarwanda gani angeamini? Kiburi cha kahawa yetu ndicho kilichoniponza.

Nimeenda dukani nikaomba mbaya kuliko zote. Muuzaji alinionea haya, akataka kunipa nyingine.

Ile nusu ya mkanda nikaitia. Hasira ya jana ndiyo iliyoniachia cha kujaribia. Bafu limenuka kama soksi zilizopikwa na kabichi, nimetapika kidogo. Nikasuuza, nikakazia, nikafungua kopo.

Yupo! Dereva wa pikipiki, meno yote, ila meusi, kwa sababu kwenye mkanda kila kitu huwa kinyume. Nimeruka nikagonga kichwa kwenye bomba. Sijali. Nimetengeneza picha kwa mikono yangu. Miaka kumi na moja ya kazi hii na leo ndiyo siku ya kwanza.

Alhamisi, 14 Agosti

Aisha anasema Rehema atakuja kwenye hina. Ni rafiki wa familia, alialikwa kabla yangu.

Naogopa. Si kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mikono inanuka pilau na hina. Niandike kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Kinyinya, nyumba mpya ya Mama Mkubwa. Ukuta wa uani bado haujapigwa plasta, jirani wanajenga ghorofa, kwa hiyo wakafunga maturubai pande zote, fundi wa juu asione hata kisigino. Jua la saa nane likapita kwenye turubai, mwanga laini uani kote. Nilitamani kuubusu. Mlangoni kikapu cha simu, na Mama Mkubwa mwenyewe juu ya kigoda, anapokea simu moja moja kama askari wa mpakani.

Nikawaeleza wote: hii kamera haifunguliwi nyuma. Mwanga ni sumu yake. Mwanga ukiingia, picha zimekufa. Wakaitikia. Kila mmoja alinisikia.

Dakika za kwanza ngumu. Nikiinua kamera wanakaza shingo, halafu wananikimbilia. "Nione!" Hakuna cha kuona. "Nione basi!" Hakuna. Wakachoka. Na walipochoka, sijui niseme vipi, wakanisahau. Hakuna aliyeuliza ametoka mnene au mwembamba. Hakuna aliyesema irudie. Shangazi mmoja mwenye miguu mibovu aliinuka akacheza mpaka kiti chake kikaanguka. Aisha kakaa mkekani, mikono na miguu imechorwa mpaka kwenye viwiko, hawezi kushika kitu, analishwa sambusa kama kinda. Impundu za Kinyarwanda na vigelegele vya Kiswahili vikashindana. Nami nilikuwa napiga moja, nasubiri, nanusa, nasubiri, napiga moja. Mkanda wa kwanza ukaisha bila kupoteza hata picha moja kwa wasiwasi.

Rehema alikuwepo. Alikaa kwenye kona, mgongo upande wangu. Kila nikizunguka, naye anageuka. Sikumlaumu. Nikaiweka ile kona nje ya kamera, wazi, ili aone kwamba naiweka nje.

Kisha Mama Mkubwa akacheza. Mama Mkubwa! Aliachia kikapu cha simu, akafunga kanga kiunoni, akashuka mpaka chini akapanda tena. Miaka yangu yote sijawahi kumwona. Nimempiga picha nne. Picha ya ishirini ya mkanda wa pili nikaiweka kamera mezani ninywe maji.

Maji tu. Nimegeuka na kikombe mdomoni, nikaona Mama Mkubwa ameishika, anaitafuta memori. Pengine aliona aibu ya kucheza, pengine roho ilimshtua kwamba nimemdanganya. Kidole kikapata mahali pake. Kifuniko cha nyuma kikafunguka, pwaa, mkanda unaangalia jua.

"Umeniua!" Nilipiga kelele. Mimi, kwa dada wa mama yangu, mbele ya wanawake arobaini. "Umeniua, Mama Mkubwa!"

Muziki ukazimwa. Yeye amesimama na kamera wazi mkononi, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Aliyekimbilia kamera ni Rehema. Alitoka kwenye kona yake, akauvua mtandio wake kichwani, akaitupia kamera, akaizungushia kama mtoto mchanga.

"Mwanga ni sumu yake," akasema. "Si ndivyo ulivyosema? Njoo ufunge, basi!"

Nikaingiza mikono ndani ya mtandio, nikafunga. Nywele zake zilikuwa mbele ya macho yangu. Maneno ya kwanza baada ya miaka miwili.

Halafu Aisha, mikono juu kwa sababu ya hina, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali. Kisha ua mzima. Mama Mkubwa hakucheka. Aliketi ngazini, akajifunika uso kwa kanga.

Nilipiga zile kumi na sita zilizobaki. Rehema alirudi kwenye kona yake. Ila hakugeuza mgongo tena.

Jumapili, 17 Agosti

Ndoa imefungwa. Aisha mzuri mno, na za ukumbini kapiga kijana mwenye kamera mbili za kisasa na kidroni. Picha elfu tatu, akaniambia kwa fahari. Hongera zake.

Mama Mkubwa hakunitazama siku nzima. Nimemfokea mkubwa wangu. Nina aibu ya kutambaa chini.

Jumatatu, 18 Agosti

Mama Mkubwa kaja mwenyewe saa tatu asubuhi, mikanda yote miwili ndani ya mkoba, tasbihi mkononi. Nilipiga magoti kabla hajavuka kizingiti, nikaomba radhi. Akaniinua kwa sikio.

"Mimi ndiyo naliharibu," akasema. "Wewe nalipiga kelele tu."

Simu yangu akaichukua, masharti ni masharti. Nikamwambia sasa nitahesabu dakika na nini? Akaonyesha tasbihi. Subhanallah moja sekunde moja, sitini dakika. Lakini bafuni halitajwi jina la Mungu, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, na kila akifika sitini anagonga. Mimi ndani, kopo mkononi, puani kahawa mbaya, natikisa, natua, nasikia midomo yake nje. Ko! Natikisa. Ko! Dakika kumi na tano. Nadhani hakuna mkanda uliowahi kusafishwa kwa dua nyingi namna hiyo.

Mkanda wa kwanza: thelathini na sita. Zote. Nikaufungua mlango nikauinua kwenye mwanga wa sebuleni. Hina nyeusi ya Aisha imekuwa nyeupe kama chaki kwenye mikono. Mama Mkubwa akashika kifua.

Mkanda wa pili tuliuogopa wote wawili. Zile za mwanzo zimepona, mtandio uliwahi. Kuanzia ya kumi hivi mwanga umeingia pembeni, umepanda, umekula. Sita zimekufa kabisa. Kumi na sita za mwisho, zilizokuwa bado ndani ya kikebe, salama. Na zile nne za Mama Mkubwa akicheza? Tatu zimeungua. Ya nne ina kiuno, kanga, mikono hewani, miguu. Kichwa hakipo, kimemezwa.

Mama Mkubwa akaisogeza karibu na macho.

"Alhamdulillah," akasema. "Iyi hata imamu anaweza kuona."

Tulicheka mpaka tukashikana ukutani.

Jumatano, 20 Agosti

Kuchapisha. Hapa ilibidi tuirudie dijitali, hakuna njia. Mlango wa studio umefungwa, pazia limeshushwa. Nilipiga picha kila kipande cha mkanda juu ya taa kwa kamera yangu ya kazi, nikazigeuza kwenye programu, nyeusi ikawa nyeupe, nyeupe ikawa nyeusi. Mama Mkubwa aliona taa za ruta zinawakawaka, akaichomoa na waya zake, akaitia mkobani. Jirani wa saluni hutumia mtandao wangu, nikamsikia analalamika ukutani.

Mkono wangu kwa mazoea ukaanza kulainisha uso wa Aisha. Nikapigwa kofi la mkononi. "Wacha mtoto wangu. Iyo alama nalipata akianguka kwa ngazi yangu."

Sikugusa uso tena. Nikachapisha zote, nakala moja moja. Kisha nikafuta kwenye kompyuta mbele yake, nikatoa kadi, nikampa. Akafungua mkoba, akatoa mkasi wa kukatia vitambaa, akaikata vipande vitatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Aisha kapata albamu. Amenipigia anaongea na kulia na kucheka, sikuelewa neno. Nimefurahi mno, nimeshindwa kula.

Wanawake wawili wamenipigia pia. Hina ya Septemba, hina ya Oktoba. Wameuliza kama kahawa ni juu yao au juu yangu.

Jumamosi, 30 Agosti

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Tumefyeka majani kwenye mtaro, mgongo unauma. Barabara haina gari mpaka saa tano. Nimefungua studio kwa kuchelewa, nikakaa tu na chai.

Rehema kaingia. Amebeba jembe bado, viatu vina udongo. Akaufunga mlango nyuma yake, akashusha pazia. Akaketi kwenye kiti cha pasipoti, akauvua mtandio, akauweka magotini. Amesuka nywele ndogo ndogo. Zimemkaa.

Nikamwambia mikanda imeisha, mpaka nipate mingine kutoka Nairobi. Wiki mbili.

"Sikuja kwa ajili ya mkanda," akasema. "Chukua ile yako ya kila siku."

Nikaichukua. Nikajikaza kisabuni. Nimepiga moja. Nikachapisha nakala moja, sikugusa kitu, akaitia mfukoni. Nikatoa kadi, nikamsogezea mezani pamoja na mkasi.

Akavirudisha vyote upande wangu.

"Kaa nayo," akasema. Kisha akauliza kama wale wa chini wameshaanza kukaanga chapati, maana mtaro umemwachia njaa. Tumekula nne nne.